Pikipiki ya pili ya kwenda rafu: namna ya kuichagua na kuilipia bila kupoteza pesa

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa pikipiki ya kwanza haina mjadala. Inakutoa Kinoo, Uthiru au Kawangware, inajipenyeza kwenye jam ya Waiyaki Way, inakufikisha mjini kabla ya saa mbili na jioni inakurudisha. Boxer, TVS au Honda ya kawaida inaifanya kazi hiyo vizuri. Spea zake ziko kila kona na fundi wa steji anaijua nje ndani. Shida inaanza Jumamosi, marafiki wakisema wanapitia Ngong kwenda Suswa, halafu unakumbuka ulivyoisukuma Boxer kwenye tope mara ya mwisho huku viatu vimebaki nyuma.

Somo la leo ni la pikipiki ya pili: ile nyepesi, iliyoinuka kidogo, yenye tairi za meno, ya kwenda vumbini na matopeni. Sisi ni kampuni ya malipo, si duka la pikipiki, kwa hivyo hatuna modeli ya kukuuzia. Ila ununuzi wa aina hii unatuhusu sana. Mara nyingi pikipiki yenyewe ni ya kutumika, muuzaji ni mtu usiyemjua, bei ni laki na kitu, na pesa yote inaweza kuondoka kwenye simu yako kwa dakika moja. Na mara nyingi aliyepoteza pesa alianza kukosea kitambo kabla ya kuweka PIN, pale alipoipenda pikipiki kabla ya kujua anatafuta nini. Ndiyo maana tutaanza na pikipiki, kisha tuje kwa pesa.

Anza na kilo, si cc

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni "ni cc ngapi?" Sisi tungeuliza ina kilo ngapi.

Kwenye lami uzito haukusumbui sana. Kwenye njia ya ng'ombe nyuma ya vilima vya Ngong, pikipiki itaanguka hata mikononi mwa mjuzi, na utaiinua wewe. Siku yenye tope unaweza kuiinua mara nne kabla ya saa sita. Pikipiki kubwa za safari unazoziona zimeegeshwa Karen wikendi ni tamu kweli, lakini BMW R 1250 GS ikiwa na tangi limejaa inakaribia kilo 250. Yamaha XTZ125 au Honda XR150L, pamoja na petroli yake, haifiki kilo 130. Uzito huo mtu mmoja anaweza kuuinua peke yake, akapumua, akaendelea na safari.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Omba ruhusa ya muuzaji, ilaze pikipiki taratibu kwenye nyasi, iinue. Pumzika dakika moja, ilaze tena upande wa pili, iinue. Kama mara ya pili umeshindwa, hiyo si pikipiki ya kwenda nayo Suswa peke yako, hata iwe na bei gani. Muuzaji akikataa kabisa usiilaze, muulize kwa nini. Pikipiki ya rafu ambayo haijawahi kulala chini ni nadra kama jam kuisha Ngong Road.

Cc zina nafasi yake, kwa sababu moja ya hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha vilima vya Ngong kinafika mita 2,460. Hewa ikiwa nyembamba injini inapata oksijeni kidogo, na kanuni ya jumla ya mafundi ni kwamba unapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake ni kwamba injini ya 125cc inayokimbia vizuri Mombasa, hapa Kikuyu imeshapoteza karibu asilimia 20, na juu Ngong inakaribia robo. Kama wewe ni mwepesi na unaenda peke yako, 125 inatosha. Kama una kilo 95 na kila mara unabeba mtu, tafuta 150 au 200. Injini yenye kabureta inaweza pia kuhitaji kurekebishwa kama ilitoka pwani, maana huku juu itakunywa petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Ile inayoingiza petroli kwa umeme hujirekebisha yenyewe, ingawa nguvu iliyopotea hairudi.

Gurudumu, madigadi na kiti

Boxer ina magurudumu ya inchi 17 mbele na nyuma. Ni sawa kwa mjini, lakini gurudumu dogo linaingia shimoni badala ya kupita juu yake. XTZ125 ina inchi 21 mbele na 18 nyuma, na kwenye mawe tofauti unaihisi mikononi ndani ya dakika tano. XR150L iko katikati, inchi 19 mbele na 17 nyuma. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo saizi ya mtu ambaye nusu ya wikendi yake bado iko kwenye lami. Hakikisha rimu ni za spoku. Zile za kumwagwa zinapendeza, lakini zikigonga jiwe kwa nguvu hupasuka, wakati spoku iliyopinda fundi anaivuta na safari inaendelea.

Madigadi ya mbele kuwa juu si urembo. Udongo mweusi wa upande wa Lang'ata na Karen, na kule chini Kajiado, ukinyeshewa unanata kama ugali mbichi. Madigadi ikiwa karibu na tairi, udongo unajaza pengo lote na gurudumu la mbele linasimama kabisa, huku injini inanguruma na wewe huendi popote. Udongo mwekundu wa Kikuyu na Limuru hauna tabia hiyo sana, ila unateleza. Jivumbi la Suswa ni la volkano, laini kama unga, na adui wake ni chujio la hewa. Kwa hivyo unapoikagua pikipiki, fungua kifuniko uangalie chujio. Chujio chafu linakueleza namna mwenyewe alivyoitunza kuliko maneno yake yote.

Kiti cha XTZ125 kiko sentimita 84 kutoka chini. Ikiwa wewe ni mfupi, kaa juu yake uone kama angalau mguu mmoja unakanyaga vizuri. Kununua pikipiki kwa picha za simu kunakunyima hilo, na ni sababu moja kubwa ya kutotuma hata shilingi kabla hujaikalia.

Utakazokutana nazo Nairobi

Aliyekulia ushago anazikumbuka hizi. DT ya daktari wa mifugo, XL ya afisa wa afya, AG ya afisa wa kilimo. Kwa miaka mingi pikipiki za rafu nchini hazikununuliwa na watu binafsi, zilinunuliwa na wizara, miradi na mashirika, kisha zikauzwa kwa mnada zikichoka. Nyingi zinazotangazwa leo zina historia hiyo. Hilo si baya. Pikipiki ya shirika huwa na rekodi ya sevisi, na mtu wa ofisi hakimbii nayo kama kijana wa stendi. Ila ina mambo yake ya karatasi ambayo tutayafikia hapa chini.

Yamaha AG, jina lake likitokana na kilimo, ni punda hasa: ina keria mbele na nyuma, na cheni imefunikwa isipate tope. AG100 na DT125 za zamani zinachoma oili pamoja na petroli. Zina mlio mtamu na ni nyepesi, lakini ukisahau kujaza tangi la oili injini inakwama, na bili yake inaweza kukaribia bei ya pikipiki. AG200, XL125, XTZ125 na XR150L ni za kawaida upande huo, oili inakaa chini ya injini kama kwenye Boxer. Kwa mtu ambaye pikipiki ya kwanza yake ni Boxer, tungesema achukue ya aina hii na kuiacha DT kwa wanaoipenda kwa moyo.

Kuna pia pikipiki za mashindano, kama zile za motokrosi unazoziona Jamhuri Park. Bei inaweza kukuvutia. Hazina taa, hazina vioo na nyingi hazina namba kabisa. Haziruhusiwi barabarani, kwa hivyo utahitaji pikapu ya kuibeba kila ukitoka nyumbani. Pita.

Kabla hujajifunga kwa modeli yoyote, tembea Kirinyaga Road asubuhi moja. Ingia maduka matatu ya spea, uliza vitu vitano vya modeli unayoitaka: kebo ya klachi, pedi za breki, cheni pamoja na meno yake, pistoni, na mkono wa klachi. Andika bei kwenye simu. Spea za Boxer zitapatikana zote dukani la kwanza. Za pikipiki ya rafu huenda mbili hazipo na moja "inaletwa wiki ijayo". Kama ni kebo, si neno, unanunua mbili unaweka moja. Kama ni pistoni, hesabu hiyo iingie kwenye bei unayomtajia muuzaji.

Na tuseme ukweli ambao muuzaji hatakuambia: kama rafu yako ni barabara ya vumbi ya kwenda kwa shamba mara moja kwa mwezi, huhitaji pikipiki ya pili. Nunua tairi za meno na uinue madigadi ya mbele ya Boxer. Utakuwa umetumia pesa kidogo sana.

Karatasi kabla ya pesa

Hapa ndipo laki mbili hupotelea. Pikipiki inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwe ya huyo anayeiuza.

Omba picha ya hati ya umiliki, ile logbook, na kitambulisho cha muuzaji. Kisha fanya utafutaji wa rekodi wewe mwenyewe kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen. Utaweka namba ya pikipiki, utalipa ada ndogo, na utapata jina la mwenyewe, nambari ya chasisi na nambari ya injini. Malipo ya serikali yote yanaenda Paybill 222222, ile moja ambayo serikali ilianza kuitumia mwaka 2023. Ukiambiwa na muuzaji "nitumie elfu moja nikufanyie search, niko na mtu NTSA", hapo umepata jibu kuhusu muuzaji. Huo utafutaji hauhitaji mtu wa ndani, na matokeo aliyokuletea yeye hayana maana kwako.

Ukishapata matokeo, nenda ukayalinganishe na chuma. Kwa pikipiki nyingi nambari ya chasisi imechongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Beba kitambaa na tochi, pangusa matope, soma tarakimu moja moja. Nambari iliyokwaruzwa au yenye rangi mpya juu yake ni sababu ya kuondoka bila kuaga.

Angalia kama kuna jina la pili. Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo huandikishwa kwa jina la mnunuzi pamoja na la kampuni ya mkopo, na haiwezi kuhamishwa mpaka deni liishe. Nyingi zina kifaa cha kufuatilia kilichofichwa. Anayekuuzia pikipiki ya aina hiyo kwa bei ya kutupa anakuuzia deni lake. Wewe utalipa, utaiendesha wiki mbili, kisha watu wa kampuni watakuja kuichukua mlangoni kwako, na kisheria wana haki. Pesa yako utaidai kwa mtu ambaye laini yake imezimwa.

Mkopo unaweza pia kuwepo bila jina kuonekana kwenye logbook. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha dhamana juu ya pikipiki, ng'ombe au hata mashine ya kusaga. Rejista hiyo iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, nayo unaipata kupitia eCitizen. Kwa pikipiki ya elfu sitini labda utasema ni kazi nyingi. Kwa ya laki mbili unusu, ifanye.

Sasa zile za mnada. Pikipiki iliyokuwa ya serikali yenye namba ya GK inatakiwa iwe imeandikishwa upya kwa namba ya kiraia kabla hujaiendesha kama yako. Dai stakabadhi ya mnada. Yenye namba nyekundu ya shirika au ubalozi iliingia nchini bila ushuru, na ikiuzwa kwa mtu wa kawaida ushuru huo unadaiwa. Muulize muuzaji aliulipa lini na uione karatasi, la sivyo deni litakuwa lako.

Lipa kwa hatua

Kanuni yetu ni moja: kila pesa inayotoka iwe na kitu ulichokwisha kukithibitisha. Tuchukue mfano. Tuseme mmekubaliana KSh 240,000 kwa XTZ125 iliyoko Dagoretti.

Kabla ya kuiona unatuma sifuri. Wala si "elfu mbili ya kukushikia", wala si "nauli ya kuileta". Maneno ya "kuna mtu mwingine yuko njiani na cash" utayasikia. Mwache huyo mtu aje. Muuzaji wa kweli wa Dagoretti hakosi mahali pa kukuonyeshea pikipiki mchana.

Siku ya kuiona, nenda na fundi wako, si fundi aliyependekezwa na muuzaji. Mlipe kwenye Till yake kwa kazi ya kukagua, hata kama pikipiki itakataliwa. Fundi anayelipwa pikipiki ikinunuliwa tu ataona kila pikipiki ni nzuri. Iwashwe ikiwa baridi, kwa hivyo gusa injini kwanza kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imeandaliwa kwa ajili yako.

Mkikubaliana, andikeni makubaliano ya mauziano: majina, nambari za vitambulisho, namba ya pikipiki, chasisi, bei, kiasi kinacholipwa leo na kinachobaki, na siku ya uhamisho. Hapo unaweza kutoa malipo ya kwanza. Kwa mfano wetu, KSh 20,000 inatosha kuonyesha nia, na ukiipoteza itauma lakini hutauza shamba. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Liwe ndilo lililo kwenye logbook. Ukiambiwa "tuma kwa laini ya shemeji, yangu imejaa" au "lipa kwa broka tu, tutaelewana naye", simama hapo. Makubaliano umefanya na mwenye pikipiki, na siku ya kesi ujumbe wako wa malipo utasoma jina la mtu mwingine.

Zile KSh 220,000 zinangoja uhamisho. Mwenye pikipiki anauanzisha kwenye akaunti yake ya eCitizen, wewe unaukubali kwenye akaunti yako, na ada inalipwa. Mnaweza kufanya yote mkiwa mmeketi mkahawani, kila mtu na simu yake. Muuzaji naye ana hofu yake ya haki, kwamba ukishakubali uhamisho utakimbia na pikipiki, kwa hivyo njia ya katikati ni kutuma sehemu kubwa uhamisho ukishaanzishwa na umeuona kwenye akaunti yako, na kumalizia ukishakamilika. Kaeni mahali penye watu, kama ndani ya tawi la benki. Usikubali kutumia simu ya muuzaji kuingia kwenye akaunti yako, hata kama yako haina bando.

Panga pia vikomo mapema. Kufikia tunapoandika, kwa M-PESA muamala mmoja hauzidi KSh 250,000, na kwa siku nzima haupiti KSh 500,000, ambacho pia ndicho kiwango cha juu cha salio. Muuzaji aliye na laki tatu kwenye laini yake hataweza kupokea laki mbili na nusu zaidi, na mtashangaa wote kwa nini inakataa. Kama bei ni kubwa, PesaLink inahamisha kutoka benki hadi benki hadi KSh 999,999 kwa mara moja, na rekodi inabaki.

Na sasa jambo ambalo tunaulizwa sana: "Si nikidanganywa nitarudisha pesa?" Kurudisha pesa kumewekwa kwa makosa ya kutuma. Ukikosea nambari, unasambaza ule ujumbe wa M-PESA kwenda 456, haraka, kabla mpokeaji hajazitoa. Kwa mtu uliyemtumia kwa hiari yako, jina lake ukiwa umelisoma, hiyo ni kesi ya polisi, na laini huwa imeshabaki na shilingi tatu. Usiingie kwenye mauziano ukitegemea mlango huo. Halafu jihadhari na simu zitakazofuata: matapeli wanajua aliyepoteza pesa ana haraka, watakupigia wakijifanya watoa huduma na kukuomba PIN "ili warudishe". Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000 tu, na nambari ya tapeli unaweza kuituma kwa 333. PIN hakuna mtu wa kuulizwa, hata sisi.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji, labda unauza ya zamani kupata hii, geuza kila kitu. Usitoe pikipiki kwa sababu ya ujumbe. Ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli mpaka nukta. Angalia salio lako mwenyewe.

Pesa itoke wapi

Pikipiki ya kwanza huenda ilijilipia. Mikopo mingi ya pikipiki imepangwa kwa mtu wa boda, anayelipa kila siku kutoka kwa mapato ya siku hiyo. Pikipiki ya Jumamosi haiingizi kitu. Ukiichukulia mkopo wa malipo ya kila siku, siku sita utakuwa unalipia chuma kilichofunikwa turubai. Na Fuliza tusiitaje hapa. Ada yake hukatwa kila siku deni likiwepo, na iliundwa kwa unga na tokeni za stima.

Weka akiba kidogo kidogo. Tuseme siku za kazi 22 kwa mwezi, KSh 400 kila siku. Hiyo ni KSh 8,800 kwa mwezi, na kwa mwaka KSh 105,600. Ifunge mahali ambapo huwezi kuigusa Ijumaa jioni, iwe akaunti ya kufunga akiba kwenye simu, sacco au chama. Wakati wa kusubiri pia una faida yake: utapata miezi ya kutembea Kirinyaga Road, kulinganisha bei, na kugundua kama hamu imebaki.

Usitumie yote kwa pikipiki. Tenga ya kofia ya usalama nzuri, buti zinazofunika kifundo cha mguu, na kinga za magoti. Sheria inakudai kofia na jaketi la kuakisi mwanga. Mawe ya Suswa yatadai hayo mengine. Tenga pia tairi, maana ya kutumika karibu zote huja na tairi zilizokwisha.

Bima ni ya kila pikipiki peke yake. Ile ya Boxer haifuniki ya pili, hata kama huwezi kuendesha mbili kwa wakati mmoja. Iandikishe kama ya matumizi binafsi, na usimpe kijana wa jirani abebe nayo abiria siku ambazo huitumii, kwa sababu ajali ikitokea kampuni ya bima itauliza alikuwa amebeba nani na kwa pesa ngapi. Kuna bima za mwezi mmoja, ambazo zinafaa kama utaifungia ndani msimu mzima wa mvua. Leseni yako iwe na daraja la A2 kwa matumizi binafsi. A3 ni ya wanaofanya biashara ya kubeba abiria na mizigo. Na usiruhusu uhamisho ukae "tutamalizia tu". Sheria ya trafiki inakupa siku 14 za kuiendesha kabla ya jina lako kuwa kwenye rekodi, na askari wa Mai Mahiu anaweza kuhesabu.

Kwa safari ya kwanza tungependekeza ya kupitia Ngong kuliko ile ya Mai Mahiu, ambayo ina malori mengi ya kuteremka ukutani. Usifikirie Expressway ya kutokea mjini, pikipiki haziruhusiwi. Jaza tangi Ngong. Punguza upepo wa tairi kidogo ukifika vumbini, na beba pampu ya kuurudisha. Kisha, na tunajua inashangaza kuisikia kwetu, weka noti za elfu moja unusu hivi mfukoni. Ndani ya Suswa kuna mabonde ambayo mtandao haufiki, na mzee atakayekusaidia kutoa pikipiki kwenye mtaro huenda simu yake imezimika tangu asubuhi.